Mizani ya Shule za Upili za Taita Taveta

Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne, KCSE, yanapotangazwa nchini Kenya, walimu wakuu hubebwa juujuu na wanafunzi wao, akina mama hupiga vigelegele, na kabla jua halijachwa wastani wa kila shule umekwisha kupita katika simu za watu kutoka Voi hata Taveta. Wizara ya Elimu iliacha kuzipanga shule kwa daraja mwaka 2014, kwa hoja kwamba mpango ule uliwapa sifa wachache na kuwavunja moyo wengi; walakini jambo lililofungiwa mlango lilipita dirishani, kwani waandishi wa magazeti huwapigia simu walimu wakuu, hukusanya wastani zao, na asubuhi ya pili orodha huwa mikononi mwa wasomaji. Mzazi wa Mwatate au wa Wundanyi huisoma orodha hiyo kama asomavyo mtu bei za sokoni: shule hii ina pointi 7, ile ina pointi 3, basi hii ni njema na ile ni mbovu. Nia yangu katika uchambuzi huu ni kuonyesha kwamba hukumu hiyo haina insafu, na kwamba taksiri yake si ndogo, kwa sababu huwadhulumu watoto walio wengi wa kaunti, na fauka ya hayo huwapotosha hata wale ambao wangetaka kuwasaidia.

Nimeichagua Taita Taveta kwa kuwa ni kaunti ya mashambani ambayo tofauti za shule zake zinaweza kusomwa juu ya uso wa nchi. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 17,000, lakini karibu 62 katika kila sehemu 100 za ardhi hiyo zimo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Na watu wake, waliohesabiwa kuwa 340,671 katika sensa ya mwaka 2019, wamebanwa katika masalio: milima ya Dawida, Sagalla na Kasigau, nyanda kame zilizo baina yake, mashamba makubwa ya mkonge, na upande wa magharibi Taveta, ambayo huitazama Kilimanjaro na kufanya biashara na Tanzania. Mtu akisimama Vuria, kilele cha zaidi ya mita 2,200, huona ukungu na mashamba ya mboga chini ya miguu yake. Akiteremka kwa saa chache tu hufika mahali ambapo mvua hungojwa kama mgeni asiyetaja siku ya kuja.

Sasa, shule kongwe za nchi hii zilizifuata misheni, na misheni zilifuata maji na hewa ya baridi. Waanglikana wa Church Missionary Society walifika Sagalla mwaka 1883. Mapadri wa Kikatoliki wakajenga Bura mwaka 1892, penye chemchemi na kivuli. Na watu wa milimani, ambao walikuwa karibu na kengele za makanisa hayo, waliujua mlango wa darasa vizazi viwili au vitatu kabla ya jirani zao wa nyikani. Hamu yao ya ilmu ilikuwa kubwa hata mji wa Wundanyi ukawa na shule yenye jina la Dakta Aggrey, yule mwalimu mwenye asili ya Gold Coast aliyezuru Kenya mwaka 1924. Kasigau kulikuwa na historia nyingine: mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, watu wa mlima huo walituhumiwa kuwasaidia adui, wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, na wengi wakafia ugenini kabla ya kuruhusiwa kurejea baada ya miaka mingi. Kizazi kilichong'olewa hakiachi maktaba wala mwalimu mstaafu wa kuwafunza wajukuu kusoma. Kwa hiyo, tunapoziweka leo shule ya Bura na shule ya chini ya mlima Kasigau juu ya karatasi moja na kuzilinganisha kwa tarakimu moja, tunalinganisha pia zaidi ya miaka 100 ambayo haionekani katika tarakimu hiyo.

Juu ya tabaka hili la historia serikali imejenga ngazi. Tangu katiba ya mwaka 2010 shule za upili za umma zimekuwa za vyeo vinne: za kitaifa, za kiwango cha juu ya kaunti, za kaunti, na za kaunti ndogo. Kabla ya mwaka 2011 shule za kitaifa zilikuwa chache na karibu zote zilikuwa bara. Tangu hapo zikapandishwa nyingine nyingi hata zikapita 100, na katika kaunti hii Kenyatta High School ya Mwatate na Bura Girls zikapata cheo hicho. Watoto walipomaliza darasa la nane na kufanya mtihani wa KCPE uliokuwa na alama 500, shule za kitaifa zilichagua kwanza, za chini yake zikachagua waliobaki, kisha za kaunti, na mwishoni shule za kutwa za kaunti ndogo zikapokea kila aliyesalia, mwenye alama 300 na mwenye alama 130, bila kuwa na hiari ya kumkataa yeyote. Wakulima wanajua kwamba ungo haukuzi nafaka, huitenga tu. Mtoto mwenye alama 400 alikuwa amekwisha kufaulu kabla hajaikanyaga shule yake mpya, na sehemu kubwa ya ule wastani unaosherehekewa miaka minne baadaye ililetwa na mtoto mwenyewe ndani ya sanduku lake la bati, pamoja na shuka na sabuni.

Hili si wazo la kubuni. Watafiti wawili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti, waliuchunguza mfumo wa Kenya na kuchapisha kazi yao mwaka 2014. Waliwatazama watoto waliovuka kwa alama chache mpaka wa kuingia shule za kitaifa, wakawalinganisha na wale walioukosa mpaka huo kwa alama chache vilevile. Yaani watoto ambao kwa akili na juhudi walikuwa karibu sawasawa, wakatenganishwa na bahati ya swali moja au mawili. Wa kwanza walipata wenzi wenye alama za juu zaidi na vifaa vizuri zaidi. Wa pili walikwenda shule za cheo cha chini. Baada ya miaka minne watafiti hao hawakuona ushahidi kwamba wa kwanza walifanya vizuri zaidi katika KCSE kwa sababu ya shule waliyokwenda. Sisemi kwamba shule kubwa hazina faida. Huenda zikampa mtoto marafiki, upeo wa maisha, na jina la kutaja anapotafuta kazi. Lakini ikiwa hata kileleni, ambako fedha ni nyingi, jina la shule halikuweza kudhihirika kuwa ndilo lililoleta alama, basi ni kwa hoja gani tunalihukumu darasa la shule ya kutwa kwa wastani wake mtupu?

Wastani huo nao si kipimo cha kutegemewa kama wengi wanavyodhani. Gredi ya A hupewa pointi 12, ya E pointi 1, na zilizo katikati hugawana ngazi. Pointi za watahiniwa wote hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi yao. Mwaka 2015 zaidi ya watahiniwa 2,600 nchini walipata A. Mwaka 2016, baada ya ulinzi wa mtihani kukazwa na wizi wa maswali kukomeshwa, waliopata A walikuwa 141. Je, walimu wa Kenya walisahau kufundisha katika miezi 12? La hasha, kilichobadilika kilikuwa namna ya kuulinda mtihani. Tena mwaka 2023 kanuni ya kujumlisha ilibadilishwa, hisabati na lugha moja zikawa za lazima na masomo mengine matano yakachukuliwa yale ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na waliofikia C+, ambayo ndiyo gredi ya chini ya kuingilia chuo kikuu, wakapita 200,000. Mwalimu mkuu anayesimama mbele ya wazazi na kujivunia kwamba shule imepanda kutoka pointi 4.1 hadi 4.9 katika mwaka kama huo huenda anasema kweli tupu, na huenda pia shule yake haikusogea hata hatua moja.

Na shule ndogo zina balaa lao la peke yake. Shule ya kutwa yenye watahiniwa 20 ikijaliwa binti mmoja mwenye bidii aliyetazamiwa kupata D akapata A ya kutoa, wastani wa shule nzima hupanda kwa pointi 0.4, na watu hunena kwamba shule imeamka. Binti huyo huyo angekuwa katika shule ya watahiniwa 300, ongezeko lisingefika hata pointi 0.03. Mwaka unaofuata binti hayupo, wastani huporomoka, na mwalimu mkuu yule yule aliyesifiwa huandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Nimehuzunishwa zaidi na jambo jingine ambalo wastani hulizaa: shule inayojua kwamba itapimwa kwa kugawanya hujifunza kupunguza idadi ya wanaogawanyiwa. Mvulana dhaifu hushauriwa kurudia Kidato cha Tatu, au kuhamia shule nyingine kabla ya usajili wa watahiniwa, au kukaa nyumbani mpaka karo ilipwe. Na shule ya kaunti ndogo, ambayo haimkatai mtu, humpokea pamoja na gredi yake. Hivyo shule moja hupanda na nyingine hushuka, ilhali hakuna mtoto aliyejifunza zaidi.

Mtu akitaka kujua kwa nini shule za kaunti moja zimeachana kiasi hiki, ni lazima afungue daftari la fedha, maana hapo ndipo penye mambo mengi kuliko pote. Wengi hudhani kwamba shule za kaunti ni mali ya gavana. Sivyo. Jedwali la Nne la katiba liliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na shule za msingi na za upili zikabaki katika mkono wa serikali ya taifa. Kaunti huweza kutoa basari, na hutoa, na mbunge hujenga madarasa kwa fedha za maendeleo ya eneo bunge, ambazo zilianza kwa sheria ya mwaka 2003. Ndiyo sababu nyikani utakuta darasa jipya lenye jina la mfuko huo ukutani, lakini ndani yake hamna mwalimu wa fizikia: anayejenga na anayeajiri ni watu wawili wasioketi meza moja.

Kwa kila mwanafunzi serikali ya taifa hutoa mgao. Ulianza mwaka 2008 kwa shilingi 10,265, ukaongezwa mwaka 2015 hadi 12,870, kisha mwaka 2018, pamoja na amri kwamba kila mtoto amalizaye shule ya msingi aende ya upili, ukawekwa 22,244. Katika karatasi mgao huu ni wa haki kamili, kwa kuwa mtoto wa Kasigau hupewa sawa na mtoto wa Mwatate. Lakini hebu tufanye hesabu. Shule yenye wanafunzi 1,200 hustahili shilingi 26,692,800 kwa mwaka. Yenye wanafunzi 150 hustahili 3,336,600. Mlinzi wa usiku hawezi kulipwa thumni ya mshahara kwa sababu shule ni ndogo mara nane. Karani wa hesabu ni mmoja, pampu ya maji ni moja, mita ya umeme ni moja, na maabara huhitajika katika shule zote mbili. Kilicho sawa kwa kichwa cha mtoto si sawa kwa paa la shule. Tena mgao wenyewe hufika kwa vipande na kwa kuchelewa, na mwaka 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, alikiri mbele ya wabunge kwamba hazina haikuweza kutoa shilingi 22,244 na kwamba uwezo wake ulikuwa kama 16,900. Shule ya bweni ipatapo pigo hilo ina mto wa kulalia: karo ya wazazi, ambayo serikali imeiwekea kikomo cha shilingi 40,535 au 53,554 kwa mwaka kwa kadiri ya cheo na mahali pa shule. Shule ya kutwa haina karo. Ina fedha za chakula cha mchana tu, na mzazi wake ni kibarua wa shamba la mkonge au mfuga mbuzi ambaye ukame umemwachia wawili.

Na chakula hicho cha mchana, sahani ya githeri au ugali na kunde, naamini kwamba ni sehemu ya elimu kama kitabu kilivyo. Aliyetoka nyumbani gizani bila kifungua kinywa, akakaa mpaka saa kumi alasiri bila kitu tumboni, hawezi kufuata usawazishaji wa milinganyo ya kemia, hata kama mwalimu wake ni hodari wa mahodari. Wazazi wakishindwa kulipa fedha za chakula, mwalimu mkuu hubaki baina ya kumfukuza mtoto na kumwacha akae na njaa akiwatazama wenzake wakila. Sijapata kuona orodha ya magazeti inayoeleza ni shule ngapi zilikabiliwa na uamuzi huo muhula uliopita.

Baada ya njaa huja masafa. Shule ya upili ya kutwa ilikusudiwa iwe karibu na watu, na milimani ni kweli kwamba mtoto huiona shule yake kutoka mlangoni mwa nyumba yao, ijapokuwa njia ni ya kupanda na kushuka. Nyikani mambo ni mengine. Hapa ndovu wa Tsavo hawazingatii mipaka iliyochorwa mwaka 1948. Hunywa usiku katika mabwawa ya vijiji, na alfajiri, wakati huohuo mtoto akamatapo begi lake, ndovu huwa njiani wakirudi porini. Kanuni za serikali zimeweka masomo ya kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kukoma saa tisa na nusu. Kwa mtoto wa Wundanyi huo ni utaratibu tu, kwa mtoto wa nyikani ni rehema, kwa maana humruhusu asubiri jua lipande ndipo atoke. Lakini shule inayotaka kupandisha wastani huona saa mbili kuwa ni kuchelewa, ikaanzisha masomo ya alfajiri, na mzazi akabaki kuchagua kati ya gredi ya mwanawe na uhai wake. Baadhi ya familia hutatua fumbo hilo kwa kumpangia binti au mvulana chumba karibu na shule, ambamo hupika mwenyewe, hulala mwenyewe, na hujilinda mwenyewe akiwa na miaka 15. Madhara ya vyumba hivyo, hasa kwa mabinti, kila mwalimu wa shule ya kutwa anayajua, na wengi wameyalilia.

Tukiacha hatari, iko hesabu ya saa. Katika bweni taa huwashwa jioni na wanafunzi hukaa madarasani kwa saa mbili zaidi kila usiku. Tukichukua siku tano za juma na takriban wiki 39 za masomo kwa mwaka, hizo ni saa 390, na kwa miaka minne ni saa 1,560. Katika saa hizo hizo mwanafunzi wa kutwa anatembea, anachota maji, anafungia mbuzi, anamwogesha mdogo wake. Kuna jambo moja kuhusu maji ambalo kila nikilifikiri huniumiza: chemchemi za Mzima zimo ndani ya kaunti hii, na tangu miaka ya 1950 bomba kubwa limekuwa likiyateremsha maji yake mpaka Mombasa, likipita karibu na vijiji ambavyo shule zao hununua maji ya lori. Wakati wa ukame mkali uliofika kileleni mwaka 2022, shule ya bweni ilikuwa na matangi na uwezo wa kulipa. Shule ya kutwa iliwaambia wanafunzi waje na dumu la lita tano pamoja na vitabu.

Kuhusu walimu naweza kusema kwa ufupi, kwa maana kisa chao ni kilekile kila mahali. Tume ya Kuwaajiri Walimu hupeleka walimu kwa kadiri ya madarasa, na shule yenye mkondo mmoja hupata wachache, kiasi kwamba mwalimu mmoja wa hisabati hufundisha vidato vyote vinne na kemia juu yake; pengo hujazwa na walimu wa bodi, vijana waliohitimu chuo ambao hulipwa kidogo kwa fedha za wazazi na ambao, pindi wapatapo ajira ya tume, huondoka katikati ya muhula. Jambo linalopasa kuangaliwa zaidi ya idadi yao ni maabara, kwa sababu masomo ya sayansi ya KCSE yana karatasi ya tatu ambayo ni ya vitendo. Mtahiniwa ambaye bureti ameishika mara mbili tu katika maisha yake huketi karatasi moja na yule aliyeishika kila juma, na karatasi haijui tofauti yao.

Upande wa Taveta una shida ambayo haipatikani kwingine. Watoto wa vibarua wa mashamba makubwa huhama pamoja na kazi za wazazi wao, na wengine wana ndugu na malezi pande mbili za mpaka. Shule iliyowasajili 60 katika Kidato cha Kwanza huenda ikawa na 60 katika Kidato cha Nne, lakini nusu yao si wale. Kwa nani basi itahesabiwa kazi ya miaka minne? Na katika nyanda za Voi na Mwatate mvulana wa miaka 17 husikia kwamba jirani amechimbua kito cha kijani, tsavorite, kile kilichopewa jina la Tsavo, akakiuza kwa fedha ambazo mwalimu wake hazipati kwa mwaka. Darasa hubaki na kiti kitupu, na wastani hausemi kitu juu ya kiti hicho, kwa sababu asiyefanya mtihani hahesabiwi.

Hapo ndipo ninapopata kipimo cha kwanza ambacho ningependa kila mzazi na kila mwanakamati wa bodi akishike: kati ya watoto 100 walioingia Kidato cha Kwanza, ni wangapi walioketi mtihani wa Kidato cha Nne katika shule hiyohiyo? Shule inayowafikisha 90 na kupata wastani wa pointi 4 imefanya kazi kubwa kuliko ile iliyowafikisha 60 na kupata 5. Kipimo cha pili ni masafa kati ya mtoto alipoingia na alipotoka. Aliyeingia na alama 390 akatoka na B ya kutoa alikwenda na shule yake mwendo mfupi. Aliyeingia na 190 akatoka na C+ alibebwa na mtu, na mtu huyo ni mwalimu asiyeandikwa gazetini. Baadhi ya miaka waziri, anapotangaza matokeo, huwataja watahiniwa wa namna hiyo, nchi hupiga makofi, na kesho yake mazungumzo hurudia orodha. Ningependa wazazi waulize pia mambo ambayo hayahitaji tarakimu: chakula cha mchana kilikatika siku ngapi, vitabu vya maktaba huazimwa au hufungiwa kabatini, binti aliyejifungua alirudi darasani au alipotea, mwalimu mkuu huwajua watoto kwa majina yao au kwa salio la deni lao.

Kwa kupima hivi, sitarajii kwamba shule zote za kutwa zitatoka safi. Ziko zilizolala. Ziko ambazo mwalimu huingia darasani kwa hiari yake, na bodi hukutana kwa ajili ya posho, na udhuru wa ukame na wa alama ndogo za kuingilia umekuwa blanketi la kufunikia uvivu. Mizani ya haki itazifichua hizo kwa ukali zaidi kuliko ile ya sasa, kwa kuwa haitaziacha zijifiche nyuma ya umaskini wao. Itakapoonekana kwamba shule mbili za nyikani zilipokea watoto wa alama zile zile, katika ukame ule ule, kwa mgao ule ule, na moja ikawapeleka mbele na nyingine ikawaacha walipokuwa, hapatakuwa na jibu ila kuulizana kazi. Na baadhi ya shule kubwa zitashtuka vilevile, zikiona kwamba jina lao limekuwa likiishi kwa jasho la shule za msingi zilizowaletea watoto.

Mpango mpya wa elimu umelifanya jambo hili liwe la haraka. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia darasa la kumi, na vyeo vya zamani vikapewa majina mapya, C1 hadi C4. Mikondo ikawa mitatu, wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, wa sayansi za jamii, na wa sanaa na michezo. Mtoto huchagua mkondo na shule, na fedha humfuata aendako. Shule ndogo isiyo na maabara wala uwanja, yenye walimu wanane, haiwezi kuwafundisha wote watakacho, kwa hiyo atakayeweza kuondoka ataondoka, na wanafunzi wakipungua mgao utapungua pamoja nao. Wako watakaosema kwamba shule hizo zifungwe au ziunganishwe. Milimani, ambako shule mbili husikilizana kengele, huenda ushauri huo ukawa na busara. Nyikani, kufunga shule moja ni kuongeza kilomita 15 katika njia ya ndovu, na uamuzi wa namna hiyo haufai kufanywa kwa kutazama safu ya wastani.

Ajabu ni kwamba habari za kufanyia uamuzi bora ziko tayari. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na watoto wale watafanya KCSE mwaka 2027. Mpaka mwaka huo, kila mtahiniwa wa Taita Taveta ana alama zake za kuingilia na gredi zake za kutokea, na zote mbili zimehifadhiwa na Baraza la Mitihani. Baada ya hapo kipimo cha kuingilia kitakuwa kingine, na kitahitaji miaka kabla ya kueleweka. Bodi ya elimu ya kaunti ingeweza kuomba tarakimu hizo, bila jina la mtoto yeyote, ikatoa kwa kila shule safu tatu tu: walioingia na alama zao, waliofika mwisho, na walikofika. Gharama yake haizidi ya ujenzi wa lango moja la shule. Mvulana aliyeingia shule ya kutwa chini ya Kasigau mwaka 2024 akiwa na alama 214 sasa yuko Kidato cha Tatu. Karatasi yake ya kwanza imo katika kumbukumbu za baraza, ya pili itaingia humo humo baada ya mwaka mmoja na kitu, na bado hakuna aliyeagizwa kuziweka hizo mbili pamoja.